Bahari Yenye Thamani ya Vyumba Vitatu

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba jina lake limesajiliwa, na kila anayelitumia kwenye maandishi lazima alipie stempu. Itoshe kusema ni nchi yenye bara dogo, visiwa vingi, na viongozi wanaotukesheza kwa mipango yao mizuri.

Mimi nilikuwa karani katika Wizara ya Hasara za Visiwa. Wageni hucheka wakisikia jina hilo, lakini ilikuwa wizara yenye bajeti kubwa kuliko ya Afya, na ngazi zake zilipigwa deki mara mbili kwa siku. Nilikuwa naiamini kazi yangu. Hata sasa naiamini, katika saa za kazi.

Mwaka ninaousimulia ilikuja barua kutoka Mfuko wa Mataifa Yenye Huruma, ng'ambo. Ilisema kwamba nchi yoyote ya visiwa iliyoharibiwa na plastiki baharini italipwa fidia, mradi tu uharibifu huo uandikwe kwa tarakimu. Hawakutaka picha za kasa waliokufa. Za kasa walikuwa nazo kabati zima. Walitaka namba moja, chini yake mstari, na chini ya mstari saini.

Serikali ilifurahi sana, kiasi kwamba siku hiyohiyo ikaanza kujenga jengo la ghorofa kumi na moja la kuwekea fidia itakapofika.

Kazi ya kutafuta namba akapewa Dokta Sengondo, mchumi mkuu wa wizara, ambaye baada ya kupandishwa cheo alijiongezea jina la pili, Makadirio. Alitukusanya makarani ishirini ukumbini, akafuta miwani yake kwa tai.

"Ndugu zangu," alisema, "kitu kisicho na bei hakiwezi kuumia. Mtu akikukanyaga mguu, unaumia kwa sababu mguu una bei. Bahari yetu imekanyagwa miaka thelathini na haijasema lolote. Kwa nini? Kwa sababu hatujaipa bei. Kwa hiyo tutawauliza wenyewe wanaoishi nayo."

Akatugawia dodoso. Lilikuwa na maswali kumi na tatu ya kuulizia jina, umri, choo na idadi ya mbuzi. Swali la kumi na nne ndilo lililokuwa swali: *Uko tayari kutoa nini ili bahari yako iwe safi kama zamani?* Mwongozo ulisema karani aandike jibu lilivyotamkwa, asifafanue, asicheke, asilie.

Mimi na Dokta tulipangiwa kisiwa cha Pweleo.

* * *

Pweleo kiko pale mkondo wa bahari unapopinda kiwiko, na kila kinachoelea nchini hufikia hapo. Tulishuka kwenye boti tukakanyaga chupa. Hatukuuona mchanga hata baada ya hatua hamsini. Kulikuwa na ndala za mguu wa kushoto, mifuko, ndoo zisizo na vitako, na chupa za maji ya Amani, maelfu kwa maelfu. Maji ya Amani hutengenezwa na kiwanda kilicho ng'ambo ya pili ya ghuba, mali ya Mwekezaji. Mwekezaji jina lake halitajwi, lakini sura yake iko kwenye noti ya mia tano. Kaa wadogo wa ufukweni walikuwa wameshaacha kutafuta makome ya kujisitiri. Kila mmoja alitembea na kizibo cha buluu mgongoni.

"Usiandike chochote kuhusu kiwanda," Dokta aliniambia. "Tunapima hasara. Chanzo cha hasara ni idara nyingine."

Tulianza kwa sheha wa kisiwa, Mzee Vuai, ambaye ndiye macho na masikio ya serikali pale. Nilipofika swali la kumi na nne, aliinua mikono mitupu.

"Nitoe nini, mwanangu? Samaki hakuna. Mimi sina kitu. Andika sina."

Nikaandika *sina*. Nyumba ya pili wakasema kuku. Ya tatu wakasema hawana, ila yupo mtu anayewadai, wako tayari kumtoa huyo. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimejaza fomu thelathini, na Dokta akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kupiga mahesabu. Kwa mujibu wa mahesabu ya asubuhi ile, bahari yote ya Pweleo, pamoja na miamba, samaki na upeo wa macho, ilikuwa na thamani ya kuku wanne, redio mbovu na siku moja ya kibarua.

Dokta alitokwa jasho hata miwani ikashuka.

"Karani Ngwali, bahari inatufia mikononi! Na haiuawi na plastiki, inauawa na ufukara wa hawa watu. Waulize kwa moyo. Waambie ni kipimo cha mapenzi tu. Waambie hakuna atakayedaiwa."

"Mwongozo unasema tusifafanue, Dokta."

"Mwongozo niliuandika mimi."

Kwa hiyo kuanzia mchana ule nilifafanua. Nataka hilo lijulikane. Niliyewaambia watu wa Pweleo kwamba hakuna atakayedaiwa nilikuwa mimi, kwa mdomo wangu huu.

* * *

Wa kwanza kumfafanulia alikuwa Bi Mize Shaame, mkulima wa mwani. Maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa, naye alikuwa amesimama kwenye shamba lake, maji magotini, akikata mifuko ya plastiki iliyojizonga kwenye kamba. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mikono imeota sugu za chumvi.

"Shikamoo, Bi Mize. Natoka wizarani."

"Marahaba, baba. Pita huku, hapo pana vigae."

Alininyooshea kamba moja nione. Mwani ulipaswa kuning'inia mashada mashada. Badala yake kulikuwa na vishina vyeupe vilivyooza, na kati yao mifuko, imefungamana kama iliyopandwa.

"Mfuko ukiganda hapa, jua halipiti," alisema. "Mwani unalainika, unaanguka. Zamani nilikuwa navuna magunia ishirini kwa mwezi. Mwezi uliopita nimevuna gunia moja, na nusu yake ni hii takataka."

Akanipeleka kwake. Nyumba ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, imeezekwa bati, ina kisima cha kukingia maji ya mvua. Aliijenga kwa mwani, akanieleza, kwa miaka kumi na moja. Chumba cha kwanza kwa mavuno ya miaka minne, cha pili kwa mitatu, cha tatu kwa mingine minne kwa sababu bei ilianguka. Chumbani alikuwamo mama yake, Bibi Kazija, mzee wa kupita themanini, miguu haimbebi tena lakini sauti ilikuwa nzima.

Nilianza na Bibi Kazija. Nilimsomea swali la kumi na nne.

"Nitoe mimi?" alishangaa. "Nani kachafua?"

"Bibi, dodoso haliulizi hilo."

"Basi ungeandika liulize. Mwambie aliyechafua atoe yeye."

Nilitafuta mahali pa kuandika jibu hilo, sikupata. Katika orodha ya majibu palikuwa na kisanduku cha *Halihusiani*. Nikatia tiki.

Nikamgeukia Bi Mize. Nilimwambia kwamba ni kipimo cha mapenzi tu, kwamba huko ng'ambo wanataka kujua visiwa vinaipenda bahari yao kiasi gani, na kwamba hakuna atakayedaiwa. Alikaa kizingitini akitazama chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Andika nyumba hii," alisema.

"Yote?"

"Yote. Bahari ikirudi nitajenga nyingine. Lakini nikibaki na nyumba bila bahari, nitatafuna mawe?"

Nikaandika: *nyumba, mawe, vyumba vitatu, bati, kisima*. Akatia saini.

Habari zikaenea kabla ya jua kuzama. Bi Mize katoa nyumba! Waliosema kuku wakaona aibu, wakaniita nirudi. Mzee Vuai akafuta *sina*, akaandikisha shamba la minazi. Wengine wakatoa ng'ombe, dhahabu za harusi, vyombo vya kuvulia. Bwana mmoja aitwaye Machano, mwenye wake wawili, alisema kwa ajili ya bahari angewatoa wote wawili. Wake zake, walipoulizwa kando, walimtoa yeye, tena bila kusita.

Dokta Makadirio alipiga hesabu usiku kucha huku akiimba.

* * *

Namba ilikuwa na sifuri tisa. Waziri aliitangaza uwanjani mbele ya bendi tatu.

"Wananchi!" alisema. "Leo tumeumia rasmi! Hakuna taifa katika ukanda huu lililoumia kuliko sisi! Jirani zetu wanasema nao wameumia. Wameumia shilingi ngapi?"

Tukapiga makofi. Namba ikatumwa ng'ambo kwa ndege, pamoja na ujumbe wa watu arobaini wa kuisindikiza.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Mfuko wa Mataifa Yenye Huruma ulitupongeza kwa utafiti wa hali ya juu. Ulisema umeguswa kuona wananchi wetu wako tayari kutoa mali nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo, barua iliendelea, ni dhahiri nchi hii ina uwezo wa kujisafishia bahari yake yenyewe, na fidia itapelekwa kwa nchi ambazo watu wake hawako tayari. Waliambatanisha cheti.

Wakati huo ghorofa ya kumi na moja ilikuwa imeshapakwa rangi, na mkandarasi alikuwa akija wizarani kila asubuhi kukaa mapokezi bila kusema neno.

Bunge likaitishwa. Kwa siku moja, kabla ya chakula cha mchana, ilipitishwa Sheria ya Utayari. Ilikuwa na kifungu kimoja: mtu aliyetamka mbele ya ofisa wa serikali kwamba yuko tayari kutoa kitu, atakitoa.

Nilipewa mimi kazi ya kupeleka hati Pweleo, kwa sababu nilizijua nyumba.

* * *

Bi Mize aliisoma hati yake mara mbili. Hakupiga kelele.

"Bahari imeshasafishwa?" aliuliza.

"Bado, Bi Mize."

"Itasafishwa lini?"

"Sheria haisemi kusafisha. Inasema utayari."

"Wewe uliniambia hakuna atakayedaiwa."

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, wallahi."

Aliikunja hati na kuitia kwenye pindo la kanga. Aliniuliza kama nimekula. Nilitamani anitukane.

Kisiwa kizima kikapanda boti kwenda mji mkuu kulalamika. Walilala siku tatu kwenye ngazi za wizara, zile zinazopigwa deki, wakawa wanahamishwa mara mbili kwa siku. Siku ya nne Dokta Makadirio akawatokea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda, na jina lake la pili alikuwa ameanza kulificha.

"Upo mlango mmoja," aliwaambia. "Sheria inamdai anayeipenda bahari. Asiyeipenda hadaiwi. Atakayeapa mbele ya hakimu kwamba bahari si kitu kwake, hana haja nayo, hajui hata kwa nini iko pale, atasamehewa. Kinaitwa Kiapo cha Kutojali. Lakini mkumbuke, ni kiapo. Mtu akiapa, halafu akaonekana anasikitika juu ya bahari, huo ni ushahidi kwamba alidanganya. Nyumba itachukuliwa na yeye atafungwa."

Hakimu aliletwa Pweleo na meza yake. Mstari ulianza alfajiri. Mzee Vuai, aliyezaliwa ndani ya mtumbwi, aliapa wa kwanza. Mabaharia wakaapa. Wanawake wa mwani, ambao vidole vyao vilikuwa vimekatwakatwa na kamba, waliinua vidole hivyo juu wakaapa hawaijui bahari. Machano na wake zake waliapa, wake wakarudishiwa mume wao, wakampokea kwa masikitiko. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta majina.

Saa nane mchana lilibaki jina moja. Dokta akanifuata hadi kwa Bi Mize, akakaa naye barazani, akamwambia ukweli. Nadhani ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akisema jambo bila asilimia.

"Mama, wote wameapa. Wewe ukiapa, nyumba yako itabaki. Lakini bahari ya Pweleo itakuwa na thamani ya sifuri, na kitu cha sifuri kisheria ni jaa. Mwekezaji ameshaomba mahali pa kumwaga taka za kiwanda. Atapewa bure, kesho."

"Na nisipoapa?"

"Bahari itakuwa na thamani. Haitaweza kutolewa bure. Ila nyumba itaondoka."

Ndani, Bibi Kazija aliita kuuliza ni nani hao wanaonong'ona. Bi Mize alipitisha kiganja kwenye ukuta, pale plasta ya chumba cha kwanza inapokutana na ya chumba cha pili.

"Mama yangu hawezi kutembea," alisema. "Mtampa siku ngapi?"

"Saba," Dokta alisema.

"Basi chukueni."

Nilimsihi. Nilisema, Bi Mize, apa tu, maneno ni maneno. Akasema amekata mifuko kwenye kamba zile miaka sita, kila maji yakitoka, hata Ijumaa na sikukuu. Hawezi kuinua mkono ule ule akasema haijui bahari. Mkono wenyewe utakataa.

Siku ya saba tulimbeba Bibi Kazija juu ya kitanda chake cha kamba, wanaume wanne, mimi nikiwa mguu wa nyuma, hadi kibanda cha kuanikia mwani. Njia nzima alikuwa akituuliza nani kamchafulia nani.

* * *

Sasa Dokta aliandika thamani mpya ya bahari ya Pweleo, kwa uaminifu, kama sheria ilivyotaka: nyumba moja ya mawe, vyumba vitatu, bati, kisima.

Taarifa ilibandikwa wizarani asubuhi. Mchana Mwekezaji alimtuma dereva na hundi. Ilikuwa ni bei ya nyumba moja kisiwani, na aliona hakuna haja ya kupunguziwa. Alilipia hasara yote mapema, iliyopita na itakayokuja, akapewa risiti na haki ya kumwaga. Kwa kuwa alikuwa amelipa, magazeti yalimwita mdau wa mazingira.

Dokta Makadirio alipoiona risiti aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, na hakutoka mpaka walinzi walipovunja kitasa siku ya pili. Alikuwa mzima. Alikuwa sakafuni, akiandika sifuri kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, akisema anatafuta mahali alipokosea. Alipewa likizo.

Mimi nilipelekwa Pweleo kusimamia siku ya kwanza ya kumwaga.

Matishari yalifika matatu, yakivutwa na boti moja, yamerundikwa taka hadi yameinama upande. Watu wote walishuka ufukweni, zaidi ya mia tatu. Mzee Vuai alipita katikati yao akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetuliza watoto msibani: "Jamani, kumbukeni mliapa. Jamani, nyuso. Nyuso, tafadhalini. Maofisa wanaandika."

Na kweli walikuwepo maofisa wawili na daftari, wakizitazama nyuso moja moja.

Tishari la kwanza likafunguliwa ubavu. Sijui nieleze vipi sauti ile. Ilikuwa kama mvua ya mawe iliyokosa mwisho. Maji juu ya mashamba ya mwani yakawa ya buluu, kisha meupe, kisha hayakuonekana tena. Watu wa Pweleo walisimama wakatazama. Hakuna aliyelia. Wanaume walikodoa macho mbele kama askari wa gwaride. Wanawake waliuma pindo za kanga. Machano alitabasamu, kwa kuhofia kwamba uso mtupu ungeweza kusomwa vibaya, na tabasamu lile lilikuwa likimtetemeka mdomoni.

Bibi Kazija alikuwa ameletwa na kitanda chake, kwa sababu alikataa kubaki.

"Mbona hamlii?" aliuliza kwa sauti yake nzima. "Nyie watu, mbona hamlii?"

Ndipo Bi Mize akaanza. Yeye hakuwa ameapa. Nyumba yake ilikuwa imeshachukuliwa, hapakuwa na kingine cha kuchukua, na katika kisiwa kile chote alikuwa mtu mzima pekee mwenye miguu aliyekuwa na ruhusa ya sheria kulia. Alikaa chini palepale juu ya chupa, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtu anayefanya kazi ya watu mia tatu na anayejua kwamba muda wenyewe ni mfupi. Maofisa walifungua daftari, wakatafuta jina lake, wakakuta limeshapigwa mstari, wakafunga.

Mwanamke mmoja wa mwani akamsogelea. Alitazama maofisa, akakaa nyuma ya Bi Mize, akamkumbatia mgongoni, uso mkavu kabisa. Akaja wa pili, akamshika huyo wa kwanza mabega. Akaja wa tatu. Wakaja wake wa Machano wote wawili, na Mzee Vuai, na wanaume waliokuwa kwenye gwaride, kila mmoja akimkumbatia aliyetangulia, mpaka ufukwe mzima ukawa mtu mmoja. Bi Mize alikuwa akilia mbele yao, na kilio chake kiliwapitia wote, mabega yao yakipanda na kushuka pamoja naye, macho yao makavu.

Maofisa waliniuliza mimi, mtu wa wizara, kama hilo linaruhusiwa. Nikawaambia nimeisoma sheria na kiapo chake, neno kwa neno. Inakataza kulia. Haisemi lolote kuhusu kutikiswa.

Kisha nikaweka daftari langu chini, nikaenda kukaa mwisho wa mstari.